Tathmini ianze na uamuzi

Dada yangu wa Mafinga, umeuliza kwa nini ripoti za tathmini ya mradi wenu wa viazi zinaishia kabatini. Naona mnamwita mtathmini kabla hamjajua mnataka kuamua nini. Kaeni kwanza na bodi, muandike swali moja: tuendelee kugawa mbegu bure, au tuwakopeshe wakulima? Halafu tazameni kalenda. Huku Nyanda za Juu Kusini mvua huanza Novemba. Ripoti ikija Januari, mbegu zimeshagawiwa. Itakeni Septemba, hata ikiwa kurasa nne tu. Na kabla haijafungwa, wasomeeni wakulima kijijini. Kwetu Njombe mama mmoja alisimama akasema mbegu aliipika, maana ilimfikia mvua zikiisha. Dodoso letu halikuwa limeuliza hilo.