Kwa nini bahari ya Paje hukimbia mbali sana siku fulani tu, na Ziwa Victoria halifanyi hivyo

Mkuu, unasema ulifika Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, ukakuta bahari imekwenda mbali huna pa kuogelea, rafiki yako akaenda wiki iliyofuata akayakuta maji ukingoni mwa hoteli. Mimi ni wa pwani hiyohiyo, mama yangu analima mwani, kwa hiyo hesabu ya maji ndiyo kalenda niliyokua nayo.

Wewe ulifika bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, yeye maji mafu, siku yanaposogea kidogo tu. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja. Siku moja mbili baadaye tofauti ya kujaa na kupwa hapa Unguja hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu kila mmoja anavuta upande wake, na tofauti hupungua sana. Hizo mita 4 ni za kimo, lakini Paje chini ni tambarare hadi kwenye mwamba, basi mchanga hutokeza kilomita nzima. Nungwi, kaskazini mwa kisiwa, kina kinaanza karibu, watu wanaogelea saa zote.

Sasa utamu wenyewe. Saa ya kujaa na kupwa huchelewa dakika 50 hivi kila siku, kwa kuwa mwezi nao unasogea. Baada ya siku kama 15 saa zinarudi palepale. Ndiyo maana bamvua la Unguja hupwa saa 4 hadi saa 5 asubuhi, mwaka nenda mwaka rudi, na akina mama wa mwani huijua siku yao ya kazi kwa kutazama mwezi tu. Ukitaka kuogelea Paje asubuhi, njoo mwezi ukiwa nusu.

Aliyeandika hapo juu kwamba jua ndilo linavuta zaidi kwa sababu ni kubwa, hapana. Kinachosogeza maji ni tofauti ya mvuto kati ya upande wa dunia ulio karibu na ulio mbali, na tofauti hiyo hufifia haraka mno umbali ukizidi. Jua halifikii hata nusu ya nguvu ya mwezi.

Na huko kwenu Mwanza, mwezi unavuta, ila ziwa ni dogo mno: maji yote yanavutwa karibu sawasawa. Bahari ina maelfu ya kilomita za maji ya kusukumana. Ziwani mnapata sentimita chache tu. Mnachokiona kikipanda na kushuka ni upepo na mvua.

Na hofu kwamba bahari ikikimbia ni tsunami: kupwa kwa kawaida huchukua saa sita, polepole. Tarehe 26 Desemba 2004 mwezi ulikuwa mpevu, wimbi la tsunami lililotokana na tetemeko la Sumatra, Indonesia, likafika kwetu mchana maji yakiwa bado chini, na hata hivyo watu walikufa Tanzania na Kenya. Maji yakikimbia kwa dakika chache, tena si saa yake, usiende kuokota pweza. Panda juu.