Fuawe ya Babu Ina Umri Gani? Maswali na Majibu

Maswali ya mara hii yote yanahusu fuawe, kile chuma kizito ambacho mhunzi hufulia juu yake. Nimefurahi sana kuyapata, kwa sababu fuawe nyingi za zamani zinaishia kwenye mizani ya vyuma chakavu kabla mtu hajazisoma.

Shikamoo fundi. Tumerithi fuawe ya babu aliyekuwa mhunzi hapa Ujiji. Ubavuni pana namba 1 1 15. Wazee wanasema ni tarehe, Januari mosi 1915, mwaka ambao Wajerumani walishusha meli yao ziwani. Ni kweli?

Marahaba, mwanangu. Meli hiyo, ambayo leo tunaiita Liemba, ilishushwa majini Kigoma mwaka 1915. Hapo wazee wako sahihi. Lakini namba hizo ni uzito. Watengenezaji wa Uingereza waliandika uzito kwa namba tatu: ya kwanza ni mafungu ya ratili 112, ya pili ni robo za fungu, ratili 28 kila moja, na ya tatu ni ratili zinazobaki. Kwa hiyo yenu ni 112 na 28 na 15, jumla ratili 155, kama kilo 70. Ipimeni. Mizani ikikaribia hapo, mna ushahidi mzuri kwamba imetoka Uingereza. Katika hesabu hiyo namba ya kati haizidi 3 na ya mwisho haizidi 27. Fuawe za Kijerumani kwa kawaida huandikwa kilo moja kwa moja.

Sasa tafuteni jina. Ondoeni kutu taratibu kwa brashi ya waya, pakeni unga wa chaki, kisha futeni juu juu ili chaki ibaki ndani ya herufi. Usiku mulikeni tochi kutoka ubavuni, mwanga uambae juu ya chuma. Herufi zilizofifia zitatoa kivuli. Mkiona PETER WRIGHT na duara lenye maneno SOLID WROUGHT, hiyo ni kazi ya Dudley. MOUSE HOLE ni ya Sheffield. Angalieni pia kama pana neno ENGLAND. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ililazimisha bidhaa za nje kuandikwa nchi zilikotoka, hivyo neno hilo mara nyingi huonyesha kwamba fuawe ilitengenezwa baada ya hapo.

Fuawe yetu huku Urambo ina tundu moja tu la mraba. La duara halipo. Ni mbovu?

Si mbovu hata kidogo, na huenda ni ya zamani sana. Tundu dogo la duara, la kutobolea, lilianza kuzoeleka karibu na mwaka 1830. Linganisheni na uzito wake. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, mizigo ya bara ilibebwa na wapagazi, na mzigo wa mtu mmoja ulikuwa karibu kilo 30. Fuawe ya kilo 100 ilihitaji watu kadhaa na mti wa kuichukulia, kwa hiyo aliyeileta alikuwa na sababu kubwa. Wamisionari wa London walikuwa Urambo tangu miaka ya 1870 mwishoni, kisha Wamoravian wakaipokea kazi yao mwaka 1898. Anzeni kuuliza kwa wazee wa kanisa.

Uso umepata mabonde. Fundi wa hapa Isevya anataka kuusawazisha kwa grenda.

Mkatalie, dada yangu. Fuawe nyingi za zamani ni mwili wa chuma laini uliobandikwa juu bamba la feleji, yaani chuma kigumu, na bamba hilo mara nyingi halizidi sentimita moja na nusu. Likiisha, fuawe imekwisha.

Babu yetu wa Kasulu alifulia majembe juu ya jiwe, na jiwe bado lipo shambani. Tutajuaje umri wake?

Barua hii imenigusa kuliko zote. Wahunzi wa Buha walijua kuyeyusha chuma chao wenyewe, na jiwe kama hilo ni fuawe kamili. Halina muhuri, kwa hiyo umri wake umo ardhini kulizunguka: mavi ya chuma (mabaki magumu ya kuyeyusha chuma), vipande vya mirija ya udongo ya mivukuto, na hasa makaa, kwa sababu wataalamu wa mambo ya kale wanaweza kupima umri wa makaa maabara. Jiwe likihamishwa, uhusiano huo unapotea. Tafadhali lisisogezwe, na trekta isipite hapo. Lipigeni picha mkiweka rula pembeni, andikeni anayoyakumbuka mzee yeyote aliye hai, pamoja na jina la babu na la aliyemfundisha, kisha mtoe taarifa kwa ofisa utamaduni wa wilaya.

Mimi natumia kipande cha reli. Nacho kina umri wa kusomeka?

Ndiyo, tena kwa urahisi zaidi. Kwenye kiuno cha reli, ile sehemu nyembamba ya katikati, mara nyingi pana maandishi yaliyoinuka: kiwanda, mwaka na aina ya reli. Kama kipande chako kilikatwa sehemu isiyo na maandishi, basi mwaka wake hausomeki tena. Ila hakikisha kilipatikana kwa halali. Reli ni mali ya umma, na kung'oa kipande njiani kunaweza kuua abiria.