Barua kwa Mwanangu: Kinyonga Wako Anatafuta Mahali pa Kutaga

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma kalamu ikiwa mkononi ili nisiruke swali lako hata moja. Unasema kwamba kinyonga wako jike leo ni siku ya tatu hajala, kwamba tumbo limemjaa huku na huku, na kwamba yeye ambaye hakuwa na desturi ya kushuka kwenye matawi sasa anashinda sakafuni mwa tundu akikwaruza pembeni kwa mikono yote miwili. Unauliza kama huo ni ugonjwa, na kama ni mayai, yametoka wapi ilhali hajapata kuonana na dume tangu ulipomchukua akiwa mdogo.

Kwa maelezo hayo, mimi naona mayai. Kinyonga mwenye kishungi, ambaye asili yake ni Yemeni na kusini-magharibi mwa Saudi Arabia, hutaga hata asipopandwa, kama kuku anavyotaga pasipo jogoo, na anaweza kuanza mapema sana, kabla hata ya kutimiza mwaka. Mayai ya namna hiyo huwa viza, lakini mwili wake haulijui hilo: unatumia nguvu ileile na kalsiamu ileile ambayo ungeitumia kwa mayai yenye watoto ndani, na hatari ya kushindwa kuyatoa haipungui. (Laiti ungekuwa umefuga yule wa pembe tatu wa nyanda za juu za Kenya na Tanzania, ningekuandikia barua nyingine kabisa, maana yule hatagi; huzaa watoto wakiwa hai.)

Ili uwe na hakika, mtazame ubavuni asubuhi, taa zikishawashwa na yeye akiwa ametulia. Jike aliyenenepa kwa chakula huwa laini mwili mzima, lakini aliyebeba mayai tumbo lake huwa na vinundu, kama mfuko mwembamba uliotiwa maharage, na mara nyingi rangi yake hukolea ikakaribia weusi, huku madoa ya manjano na ya samawati yakijitokeza. Usimbonyeze kutaka kuhesabu. Kukataa chakula siku za mwisho ni jambo la kawaida, kwa sababu mayai yamechukua nafasi yote. Kukataa maji si kawaida, kwa hiyo mnyunyizie majani kwa muda mrefu kuliko ulivyozoea na umwachie maji yanayodondoka polepole.

Kazi yako ya leo, kabla hujalala, ni kumwandalia mahali pa kutagia. Tafuta ndoo au beseni lisilopenyeza mwanga, lenye upana wa sentimita 30 hivi na kina cha kutosha kubeba mchanga wa sentimita 25 hadi 30. Mchanga uwe umeoshwa, na ukipenda uuchanganye na udongo mweusi usiotiwa mbolea wala dawa yoyote. Mwagia maji kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mkono mpaka chini kabisa, hadi ukifumbata konzi moja kisha ukafungua kiganja, mchanga ubaki umeshikamana bila kudondosha hata tone. Halafu lifanye jaribio ambalo wafugaji wengi wapya hulipuuza: chimba kwa vidole viwili shimo la mshazari mpaka uguse sakafu ya ndoo, kisha utoe mkono na usubiri. Dari la shimo likisimama, umefaulu. Likiporomoka, mchanga bado mkavu. Na maji yakijikusanya chini, umezidisha. Kinyonga huingia mwenyewe ndani ya handaki lake, mwili wote, na handaki linaloporomoka kila anapofika katikati humchosha hadi akakata tamaa na kubaki na mayai tumboni. Lile shimo la jaribio usilifukie lote. Acha kishimo kifupi, kwa kuwa wengine huvutiwa kuendeleza kilichokwisha kuanzwa. Egemeza tawi nene kutoka kwenye mchanga hadi juu, aweze kushuka na kupanda bila kuhangaika.

Ndoo ikishaingia, lifunike tundu kwa shuka zito pande zote wanazopita watu, ukiacha hewa na mwanga wa taa zake viendelee kama kawaida, kisha uondoke. Hapo ndipo penye ugumu wenyewe, na hapo ndipo unaponidai ukweli ambao nimeuficha kwa miaka mingi.

Bila shaka unamkumbuka Zumaridi, yule kinyonga tuliyekuwa naye ulipokuwa bado shule ya msingi. Nilikuambia alikufa kwa uzee. Hakufa kwa uzee. Alikuwa amechimba mchana kutwa, na mimi, kwa furaha na udadisi, nilikuwa nikiinua pembe ya shuka kila baada ya muda mfupi kuona amefika wapi. Mara ya mwisho nilimkuta amegeuka ndani ya shimo, kichwa kimetazama nje, tayari kutaga. Unajua jinsi macho ya kinyonga yanavyozunguka kila moja upande wake: jicho moja lilikuwa linatazama mchanga, la pili likanigeukia mimi na likabaki hapohapo. Alitoka shimoni taratibu, akapanda hadi tawi la juu kabisa akiwa na mchanga kwenye kishungi, na hakushuka tena. Nilijipa moyo kwamba atarudi kesho. Siku ya tatu nilimkuta amefumba macho mchana, na kufikia siku nilipompeleka kwa daktari, mayai yalikuwa yamemkaa tumboni muda mrefu mno. Alifanyiwa upasuaji, na hakuamka. Kwa hiyo ninapokuambia usichungulie, sikuambii jambo nililolisikia kwa watu.

Ukishindwa kabisa kuvumilia, toboa shuka tundu dogo kama punje ya mhindi, usimame mbali chumba kikiwa na giza, na uangalie mara moja asubuhi na mara moja jioni. Utakachokiona kinaweza kukutia wasiwasi bure. Anaweza kuchimba mashimo mawili au matatu na kuyaacha kabla ya kuridhika na moja. Anaweza kulala ndani ya handaki usiku kucha. Mwache, na taa zizimwe saa zilezile. Akiwa tayari hugeuka, akaingiza makalio chini na kutaga akiwa ameelekeza kichwa mlangoni, kisha hufukia na kuushindilia mchanga kwa miguu kwa bidii ambayo huwezi kuitegemea kwa mnyama anayetembea kwa kusitasita vile. Tangu kuanza kuchimba hadi kumaliza kufukia, shughuli hiyo inaweza kuchukua siku moja au mbili. Utajua amemaliza atakaporudi juu akiwa amechafuka, amekonda ghafla, mifupa ya nyonga imejitokeza na ubavu umebonyea.

Sasa nikupe dalili ambazo ukiziona hupaswi kusubiri hata kesho. Kinyonga anayefumba macho mchana, anayelala sakafuni bila kuchimba, ambaye vidole vyake havishiki tawi kwa nguvu, anayeachama kinywa ilhali hana joto, anayetetemeka miguu, anayejikamua bila kutoa kitu, au aliyetaga mayai machache akaacha huku tumbo bado lina vinundu, huyo amekwama. Mpeleke kwa daktari wa wanyama anayewajua watambaazi, na umpigie simu leo, kabla haijatokea haja, umwulize kama anawatibu vinyonga, kwa maana si kila daktari wa mifugo amewahi kumshika. Atampiga picha ya eksirei, na huenda akampa maji, kalsiamu, na dawa ya kuamsha mikazo ya mirija ya mayai, au akaamua kumpasua. Wewe usimkande tumbo, usimpake mafuta, wala usijaribu kuvuta yai linaloonekana. Ganda la mayai yao ni laini, na likipasuka ndani matatizo huongezeka.

Kuhusu kalsiamu uliyoniuliza mwishoni mwa barua: ndiyo, mwendelezee, lakini jua kwamba akiba inayomsaidia leo ni ile aliyojiwekea wiki zilizopita. Misuli inayosukuma mayai inaihitaji ili ikaze, na akikosa ya kutosha mwili huichota kwenye mifupa. Panzi na nyenje wake wapakwe unga wa kalsiamu usio na vitamini D3 karibu kila mlo, na ule wenye D3 uwe wa mara chache. Taa ya miale ya urujuanimno iwe ya bomba refu na isiwe imechakaa, kwa sababu huendelea kuwaka na kung'aa machoni petu hata baada ya miale yenyewe kwisha nguvu. Kama hukumbuki uliinunua lini, nunua nyingine.

Akishataga, mnyunyizie maji mengi ya vuguvugu ili anywe na aoshe macho yake, kisha kwa siku chache mlishe vizuri kila siku. Baada ya hapo punguza. Najua wewe hupenda kumlisha kila anapokutazama, lakini jike anayeshibishwa kila siku na kukaa kwenye joto kali hutengeneza mayai mengi na mara nyingi, pengine 60 au zaidi kwa mkupuo, na kila mkupuo hula sehemu ya maisha yake. Wafugaji wazoefu humpa aliyekomaa wadudu watatu au wanne siku moja, wakaruka siku inayofuata, na sehemu ya kuotea joto huiweka kama nyuzi 27 hadi 29 tu. Mpime kwa mizani ya gramu kila wiki na uandike. Uzito unaopanda wiki baada ya wiki bila kuongezewa chakula ndiyo taarifa ya mapema kuliko zote.

Mayai yenyewe yafukue yeye akiwa amekwisha kupumzika juu, uyahesabu, kisha uyatupe, kwa kuwa umesema ulimlea tangu utotoni na hakupata dume. Hayatoangua hata ukiyaatamiza miezi 8. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kuushika mchanga huo, maana watambaazi hubeba vijidudu vya salmonela bila wao kuugua.

Andika tarehe ya leo mahali, pamoja na uzito wake kabla ya kutaga na baada ya kutaga. Nitumie namba hizo mbili atakapomaliza, na idadi ya mayai, nikuambie kama alibakiza.

Ni mimi mama yako.