Kama Uko Fildi ya Fiziotherapia na Unakunja Shuka Tu, Soma Hapa

Jumapili usiku nimepata ujumbe kutoka kwa mdogo wangu mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa fiziotherapia. Yuko wiki ya 3 ya fildi, yaani mafunzo ya vitendo, kwenye kliniki ya mazoezi tiba na tangu afike hajashika mgonjwa. Anakunja shuka, anachemsha maji ya mifuko ya joto, anaita namba inayofuata. Akamalizia hivi: "Dada, ndicho nilichosomea?"

Nimeusoma mara tatu, maana swali hilohilo lilishanifungia chooni nikilia na sare yangu nyeupe. Nimeona nimjibu hapa ili na wenzake wasome. Najua mko wengi, na najua mnataka nilichokitaka mimi: kusimama mbele ya mtu aliyelala miezi miwili na kumwona ananyanyuka.

Fildi yangu ya kwanza niliifanya Tanga, wiki 8, katika kliniki ambayo sitaitaja jina. Kilikuwa chumba kimoja kirefu chenye vitanda 4 na mapazia ya kijani, vyuma viwili sambamba vya kujifunzia kutembea, ngazi ya mbao ya hatua 3, na feni moja. Nilifika nimejaa kichwani. Anatomia nilikuwa nimepata A, misuli ya bega naitaja yote macho yamefumba, mishipa ya fahamu naichora kwa mkono. Nilijiona nimeiva.

Siku ya 3 akaletwa mama mmoja wa makamo, kapata kiharusi, upande wa kushoto wote umelegea. Msimamizi wangu alikuwa nje anaongea na simu. Mama amekaa ukingoni mwa kitanda, ananitazama. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nikamshika mkono ule uliolegea, nikauvuta ili asimame.

Ule ukelele bado naukumbuka. Bega la mtu aliyepooza halina kitu cha kulishikilia. Kwa mtu mwenye afya, misuli ndiyo inayoubana mfupa wa mkono ukae kwenye kikombe chake. Kwa mgonjwa wa kiharusi misuli hiyo imelala, mfupa unaning'inia kwa uzito wake wenyewe. Ukiuvuta, unavuta nyama laini na mishipa. Hayo yote nilikuwa nimeyaandika kwenye mtihani. Mkono wangu ndio uliokuwa haujayasoma.

Msimamizi akaingia. "Nani amekwambia umshike? Unataka kumng'oa bega?" Alisema mbele ya wagonjwa wote waliokaa kwenye benchi, kwa sauti ya juu, na hakuishia hapo. Kisha akaniambia kazi yangu kuanzia siku ile ni shuka.

Nilikosea, na nilimwomba yule mama msamaha. Alinisamehe kabla hata sijamaliza sentensi. Ila jambo moja sijalisahau: yule bwana hakunionyesha namna sahihi, si siku ile wala siku nyingine yoyote katika wiki 8. Aliyenionyesha ni dada mmoja mtu mzima wa pale kliniki, saa ya chakula, benchi likiwa tupu, yeye akijifanya mgonjwa. Msogeze mgonjwa mpaka ukingoni. Miguu yake irudi nyuma, chini ya magoti. Simama upande uliolegea, goti lako lizuie goti lake lisiteleze. Mshike kiunoni kwenye mkanda, siyo mkononi. Halafu mwambie ainame mbele mpaka pua ipite usawa wa vidole vya miguu. Akiinama hivyo, makalio yananyanyuka yenyewe, wewe unaongoza tu. Tulirudia mpaka wali wake ukapoa.

Basi, nikarudi kwenye shuka. Wiki mbili nzima. Sitawasimulia, maana shuka ni shuka.

Ila pazia la kitambaa halizuii maneno. Kitanda cha 3 alikuwa anakuja mzee mmoja, Jumatatu na Alhamisi, na mkewe. Aligongwa na bodaboda, paja likavunjika, akafungwa chuma hospitali, mfupa ukaunga vizuri. Tatizo lilibaki goti, limekaza. Kila akija anawekewa mfuko wa joto, anafungwa kifuko cha mchanga kwenye kifundo, ananyanyua mguu mara 10, anapumzika, mara 10 tena, anakwenda nyumbani. Kwenye faili: "anaendelea vizuri."

Siku moja nakunja shuka upande wa pili wa pazia, nikamsikia mkewe anamwambia kwa sauti ya chini, "Usihuzunike, hata kwenye kiti swala inaswihi." Mzee akajibu, "Najua inaswihi. Nataka kuweka uso wangu chini."

Nilisimama na shuka mkononi. Miezi yote ile hakuna aliyemuuliza anataka goti limfanyie nini.

Nikafungua pazia. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Nikamuuliza kama naweza kulipima goti. Kile kipimo, goniomita, ni kama rula mbili zilizoungwa kwa msumari: msumari unauweka ubavuni mwa goti kwa nje, rula moja inaelekea kwenye nundu ya nyonga, nyingine inaelekea kwenye fundo la nje la mguu. Nikamwambia akunje mpaka mwisho. Nyuzi 82. Kwa nyuzi 82 hata kiti kifupi kinamsumbua, sembuse sijida.

Nilipeleka wazo kwa msimamizi. Akasema nifanye nilichoambiwa. Nikampelekea yule dada, akaiangalia picha ya eksirei na barua ya daktari, akasema mfupa umeunga, anza, nitakuwa nakuangalia. Hilo mlishike: sikujiamulia peke yangu. Mara ya kwanza nilijiamulia peke yangu, na mmeona.

Tuliacha kifuko cha mchanga kiwe cha mwisho. Joto kwanza, kisha kukunja polepole, kushikilia nusu dakika, kuachia, tena na tena. Nikamfundisha mkewe, ili nyumbani iwe asubuhi na jioni, maana mara mbili kwa wiki hazilegezi goti la mtu. Goti likifika nyuzi 100 tukahamia chini, kwenye mkeka. Kanuni ni ileile ya ngazi na magongo: kupanda unatanguliza mguu mzima, kushuka unatanguliza ule mbovu. Ashike kiti pembeni, mguu mbovu urudi nyuma, goti lake ligusane na mkeka huku mguu mzima ukibeba uzito. Kuinuka, mguu mzima ndio unaosukuma.

Wiki yangu ya mwisho goti lilisoma nyuzi 118. Kukalia kisigino bado, kwa hiyo tulimwekea blanketi lililokunjwa kati ya kalio na kisigino. Akashuka. Akaweka viganja, akaweka paji la uso. Akakaa pale kwa muda mrefu kuliko zoezi linavyotaka, na mimi sikuhesabu sekunde. Mkewe alikuwa ameshika mtandio wake mdomoni.

Mwalimu wa chuo alikuja kutukagua kesho yake. Msimamizi akamsimulia habari ya yule mzee, "tulifanya hivi, tukafanya vile." Jina langu halikutajwa. Kwenye kitabu changu cha fildi aliandika neno moja: "Wastani." Kitabu hicho ninacho mpaka leo, na sikioni kuwa cha haki.

Sasa sikiliza, mdogo wangu, nawe mwingine unayesoma. Uliza. Kabla ya kushika, uliza. Muulize mgonjwa anaishije, analala chini au kitandani, choo chake ni cha kukaa au cha kuchuchumaa, anapanda daladala au anabebwa, anataka kurudi kufanya nini. Goti la muuza samaki na goti la karani haliendi kazi moja. Na muulize kwa Kiswahili chake. Chuoni tunafundishwa kwa Kiingereza, lakini hakuna mgonjwa atakayekuja na maneno ya kitabuni. Atakwambia mguu unawaka moto, umekufa ganzi, unatembea kama siafu, mshipa umepanda. Nunua daftari dogo, yaandike. Siafu kutoka kiunoni mpaka kidole gumba cha mguu ni habari kubwa kuliko unavyodhani.

Atakwambia pia amekuja "kuchuliwa". Usimcheke, usimkatize. Watu wengi ndivyo wanavyoijua kazi yetu. Mweleze taratibu kwamba mikono yako itafanya kidogo na yake itafanya zaidi, na mwonyeshe, asiondoke akidhani umemnyima dawa.

Na uliza wakubwa. Ukifokewa, uliza mwingine. Kliniki haikosi mtu mmoja mwenye moyo, mara nyingi siye mwenye ofisi. Mtafute saa ya chakula. Usisubiri kuitwa, maana fildi ni fupi na wiki 8 zinaisha huku unanuna. Nimewaona wenzangu walionuna, wakasaini mahudhurio, wakarudi chuoni na simu zimejaa picha za sare. Hao hao leo wanaogopa kumgeuza mgonjwa kitandani. Kazi hii ni mwili wa mtu, ni ibada yake na riziki yake, haichezewi.

Kuanzia mwezi uliopita na mimi nimepewa wanafunzi wawili wa kuwasimamia. Asubuhi ya kwanza niliwaonyesha namna ya kumsimamisha mtu kwa mkanda, kila mmoja akawa mgonjwa kwa mwenzake. Kisha nikawapa shuka wakunje, nyuma ya pazia la kitanda cha 2, ambako bibi mmoja mwenye nyonga iliyofungwa chuma alikuwa akiongea na binti yake. Jioni nikawauliza: choo cha yule bibi ni cha kukaa au cha kuchuchumaa?

Mmoja alijua.