Kufundisha Holokosti kwa shajara: kwa mwalimu anayeanza

Usianze na milioni 6, idadi ya Wayahudi waliouawa na Wanazi wa Ujerumani. Mwanafunzi wa kidato cha tatu ataikariri, ataijibu kwenye mtihani, na haitamgusa popote. Anza na baiskeli. Katika shajara ya Anne Frank, msichana wa Kiyahudi aliyejificha na familia yake Uholanzi, chini ya tarehe 20 Juni 1942, kuna kifungu kifupi kinachotaja amri walizowekewa Wayahudi wa Uholanzi: kuvaa nyota ya manjano, kusalimisha baiskeli, kutopanda tramu (gari la reli la mjini), kununua mahitaji kati ya saa 9 na saa 11 jioni tu, kutoonekana nje baada ya saa 2 usiku. Hakuna anayeuawa katika kifungu hicho. Uliza darasa jambo moja tu: kila amri ilimtenga Myahudi na nani? Baiskeli na tramu zitawapeleka kwa marafiki wa upande wa pili wa mji. Saa za duka zitawapeleka kwa majirani waliokwisha kununua vilivyo bora tangu asubuhi. Wataona wenyewe jinsi mtu anavyotolewa mjini kabla ya kutolewa nyumbani.

Lakini kabla ya kifungu hicho kuna maneno mawili ya kusafisha. La kwanza ni "Wayahudi". Wengi wamekutana nalo kwenye Biblia au Qurani, kwa hiyo watawaza watu wa kanzu kando ya mto Yordani. Bandika ubaoni picha mbili tatu za miaka ya 1930 kutoka Frankfurt au Warsaw: fundi cherehani, daktari, watoto na mikoba ya shule. Usipofanya hivyo, kipindi cha tatu atasimama mmoja aseme walikuwa wanalipa walichomtenda Yesu, nawe utakuwa umechelewa. La pili ni "halaiki", kama katika "mauaji ya halaiki". Tanzania vijana wanaijua halaiki kama maonyesho ya uwanjani siku za sherehe za taifa. Sema mauaji ya kimbari.

Halafu aina za maandishi. Waliopita kwenye insha za Kiswahili wanajua shajara ni nini, basi litumie somo hilo. Anayeandika shajara hajui kesho. Anayeandika tawasifu, kama Primo Levi au Elie Wiesel, ameshatoka kwenye kambi ya Wanazi na anajua nani hakurudi. Mwandishi wa riwaya anabuni, na hapo ndipo pa kuangalia: zipo hadithi za watoto wanaopiga soga kwenye waya wa kambi siku nenda siku rudi, ilhali Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland, watoto wadogo waliofika na treni waliuawa wengi wao siku ileile. Riwaya ije mwisho, au isije kabisa.

Kazi kubwa iko kwenye jedwali la safu mbili. Kushoto: alichokijua mwandishi siku ile. Kulia: kilichokuwa kikitendeka. Kwa 20 Juni 1942, kushoto ni zile amri. Kulia: tangu 20 Januari mwaka huo maofisa wa Wanazi walikuwa wamekutana Wannsee, Berlin, kupanga utekelezaji wa mauaji. Tarehe 5 Julai Margot, dada yake Anne, mwenye miaka 16, aliitwa kwa barua kwenda "kazini" Ujerumani. Kesho yake familia ikajificha. Treni ya kwanza ya kwenda Auschwitz iliondoka Uholanzi katikati ya Julai. Kisha chukua 9 Oktoba 1942, ambapo Anne anaandika kwamba redio ya Uingereza inasema watu wanauawa kwa gesi. Kifungu hicho kimoja kinatosha kumjibu anayedai hakuna aliyejua.

Kosa la walimu wengi ni kujaza safu ya kulia kabla kifungu hakijasomwa. Ukishasema mwisho, shajara inageuka kaburi, na msichana mcheshi, mgomvi na mama yake, anageuka mtakatifu. Kwa kipindi cha dakika 40, ukurasa mmoja unatosha: dakika 10 wasome kimya, 10 usome wewe kwa sauti (matamshi ya majina ya Kiholanzi huleta vicheko), zinazobaki ni za jedwali.

Maswali matatu hayakosi. "Kwa nini hawakukimbia?" Walikimbia: Otto Frank, baba yake Anne, aliihama Ujerumani 1933, Wajerumani wakaingia Uholanzi Mei 1940, na viza ya Marekani aliyoiomba haikupatikana. "Nani aliwasaliti?" Haijathibitishwa, usiache kipindi kikawa cha upelelezi. "Si alisahihisha mwenyewe, kwa hiyo ni ya kutunga?" Kweli alianza kuiandika upya 1944, baada ya kumsikia redioni waziri wa Uholanzi aliyekuwa London akiwahimiza wananchi kutunza barua na shajara. Maandishi hayo yalichunguzwa kitaalamu, na matoleo yake yakachapishwa pamoja mwaka 1986. Waonyeshe hilo waziwazi.

Sasa udhaifu wa chombo chenyewe. Shajara hii inakoma 1 Agosti 1944, siku tatu kabla ya kukamatwa, maana yake inakoma pale kambi inapoanza. Ile sentensi ya 15 Julai kuhusu wema wa mioyo ya watu, inayopendwa kwenye mabango, iliandikwa kabla hajaiona Auschwitz. Usifungie nayo somo. Soma hatima ya wale 8 waliojificha pamoja: Otto peke yake alirudi. Kisha ongeza shajara ya Dawid Sierakowiak, kijana wa Kiyahudi wa mji wa Łódź, Poland. Humo kuna njaa, mgawo wa mkate, na Septemba 1942 mama yake akichukuliwa. Dawid mwenyewe alikufa Agosti 1943, na madaftari yake 5 ndiyo yaliyobaki.

Maigizo ya treni, nyota za karatasi kifuani, na insha ya "jifanye umejificha": achana nayo yote. Yanazaa ama kicheko ama machozi, na mtoto anaondoka akidhani ameonja. Badala yake mpe kila mmoja tarehe moja ya shajara na safu ya kulia tupu, akaijaze maktaba.

Swali la Palestina litakuja. Liandike pembeni mwa ubao, lipangie kipindi chake, na usilivunje. Rwanda 1994 nayo iingie kipindi cha mwisho, ikilinganishwa kwa hatua: herufi J (ya Jude, yaani Myahudi kwa Kijerumani) kwenye pasipoti za Wayahudi wa Ujerumani mwaka 1938, kabila kwenye vitambulisho vya Rwanda, matangazo ya chuki redioni. Nani aliumia zaidi si swali la kuruhusu. Na kama darasani yuko mwanafunzi ambaye familia yake ilitoka Rwanda, Burundi au Kongo, zungumza naye faraghani siku moja kabla, mkalishe karibu na mlango, na mruhusu atoke bila kunyoosha mkono.