Kwa Mhudumu Mpya wa Afya ya Jamii: Usingizi wa Mtoto Mchanga na Nyumba Iliyofiwa

Ukianza kazi hii Mathare au Mukuru, mitaa ya mabanda ya Nairobi, nyumba nyingi utakazoingia ni za chumba kimoja chenye kitanda kimoja, na humo hulala baba, mama, mtoto mchanga na pengine kaka yake. Usimwambie mama huyo anunue kitanda cha mtoto, kwani atakuitikia kwa adabu kisha asikusikilize tena. Ili kumkinga mtoto na kifo cha ghafla usingizini, anza na yanayowezekana leo: mtoto alazwe chali, usiku na mchana, bila kofia, mbali na mito na blanketi zito, upande wa mama na si katikati ya watu, wala asilale kitanda kimoja na mtu aliyelewa au anayevuta sigara. Kochi ni hatari zaidi, kwa maana mama anayenyonyesha saa tisa usiku husinzia akiwa ameketi, na mtoto huteleza akabanwa kwenye mto.

Pingamizi utalipata kwa nyanya wa mtoto: akilala chali atapaliwa na maziwa. Zamani nilibishana nao, na nikashindwa. Siku hizi hujilaza mwenyewe mkekani nikaonyesha kwa kidole kwamba, mtu akiwa chali, njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, hivyo maziwa yakirudi hayana budi kupanda kabla ya kuingia penye pumzi. Akilala kifudifudi, mambo hugeuka. Nyanya hucheka, lakini huelewa. Ukiulizwa ushahidi, waeleze kwamba Uingereza ilipoanza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1991, na Marekani mwaka 1994, vifo hivi vya ghafla vya usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu. Hatari huwa kubwa kati ya miezi 2 na 4, kwa hiyo chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 ndizo nafasi zako za kurudia maneno haya. Baridi ya Julai ikiingia, taja pia jiko la makaa, ambalo likiachwa likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa huweza kuua nyumba nzima.

Hata hivyo, yupo mtoto atakayefariki ilhali mama alifuata kila ulilomfunza, na hata uchunguzi wa maiti usione sababu. Mwaka wangu wa kwanza niliingia katika nyumba ya namna hiyo nikauliza, mbele ya mama mkwe, iwapo mtoto alikuwa amelazwa kwa tumbo. Daktari angeweza kuliuliza swali hilo, faraghani. Mimi sikuwa na haki nalo. Mama mkwe aligeuka akamtazama mkaza mwanawe, na nadhani mtazamo ule ulikaa katika nyumba ile kuliko matanga yenyewe.

Basi ukienda, sema pole, mtaje mtoto kwa jina lake, kisha nyamaza. Baba naye mpe pole yake. Mara nyingi huachiwa shughuli za kibali cha mazishi tu. Hakikisha jina la mtoto limeondolewa kwenye orodha ya kliniki, asije mtu akapiga simu kuuliza mbona hajaletwa kuchanjwa. Mweleze mama, mkiwa wawili, kwamba maziwa yataendelea kuja kwa siku kadhaa: avae sidiria inayomshika vizuri, aweke kitambaa kilicholowa maji baridi, akamue kidogo tu pale anapoumia, na akipata homa au titi likiwa jekundu aende kituo cha afya. Rudi tena baada ya wageni wa matanga kuondoka.