Maswali ya Wasomaji: Kuzunguka korongo la Newala kwa miguu

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Newala. Katika likizo ya Juni nimekusudia kuwaongoza walimu wenzangu na jamaa zao, jumla yetu watu 12, tutembee njia ya mzunguko inayoanzia ukingoni pale Shimo la Mungu, iteremke korongoni penye miti, ipite chini ya genge, kisha ipande mgongo ulio wazi na kuturudisha tulikoanzia. Nakadiria ni kilomita 10, na kupanda kwake ni kama mita 300. Wamo wenye umri wa zaidi ya miaka 50, na hakuna kati yetu aliyezoea milima. Vijana wanaokata kuni huko wameniambia kuwa ni mwendo wa saa mbili tu. Je, ni kweli, na tujiandaeje?

JIBU: Mwalimu, saa mbili za kijana anayepita njia hiyo kila siku haziwezi kuwa saa mbili zenu. Iko kanuni ya zamani, iliyowekwa na Mskoti William Naismith mwaka 1892, ambayo wapanda milima wanaitumia mpaka leo: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa makadirio yako hesabu hiyo inaleta saa mbili na nusu, lakini ni za mtu mwenye nguvu, anayetembea bila kupumzika na bila kumsubiri mwenzake. Kundi la watu 12 wenye umri tofauti litahitaji karibu mara mbili ya muda huo, kwa hiyo pangeni saa tano, na mwendo wa kundi uwe ule wa aliye wa polepole kuliko wote.

Hata hivyo muda si jambo linalonitia wasiwasi zaidi katika safari hii. Aendaye mlimani hupanda akiwa na nguvu za asubuhi, na akichoka hugeuka akateremka. Ninyi mnaanzia juu ya Uwanda wa Makonde, hivyo mtateremka mkiwa wapya na kupanda mkiwa mmechoka, wakati jua limeshakuwa kali, na hakuna njia ya kurudi nyumbani isiyokuwa na mlima. Wengi hudanganywa na wepesi wa saa ya kwanza, wakaendelea kushuka bila kukumbuka kwamba kila hatua ya kushuka ni deni la kulipwa baadaye.

Kwa sababu hiyo ningekushauri uigeuze njia yako. Teremkeni kwa ule mgongo ulio wazi, mkianza mara tu kunapopambazuka, yaani mnamo saa 12 na nusu asubuhi kwa mwezi wa Juni, wakati jua halijawa na ukali na upepo wa kusi ungali baridi. Kisha pandeni kwa korongo, ambako miti itawafunika kivuli saa ile mnayokihitaji zaidi. Ipo faida nyingine kwa wenye magoti ya umri mkubwa: mteremko mkali wenye mizizi na majani makavu ni wa hatari zaidi kuushuka kuliko kuupanda, kwa kuwa anayepanda huona anapokanyaga na akiteleza huanguka karibu. Mandhari hamtaikosa, maana ukingo ni ule ule mwanzo na mwisho, na ukungu ukiwa umeondoka mtaliona bonde la Mto Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng'ambo yake. Mpango huu uache endapo mvua imenyesha usiku. Korongo lililolowa halipandwi na watu wasio wazoefu, na siku hiyo ni afadhali kuahirisha.

Maji ndiyo jambo ambalo wenyeji wa uwanda huo wanalijua kuliko mshauri yeyote. Udongo wake wa kichanga hunywa mvua yote, mito juu haipo, na maji hujitokeza chini kwenye mabonde, ndiyo maana kwa vizazi vingi akina mama waliteremka genge na kupanda tena wakiwa na mitungi kichwani. (Nasema hivyo pia kwa wale wanaodhani kutembea njia hizi ni mchezo uliobuniwa na watalii.) Kila mtu abebe lita 3, na asiyanywe maji ya chemchemi bila kuyachemsha au kuyatia dawa. Chukueni pia sukari na chumvi: vijiko 6 vya chai vya sukari iliyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja ya maji safi humsaidia aliyetoka jasho jingi akaanza kulegea.

Mwezi wa Juni una mambo mawili ya kwenu. Wakulima huanza kupulizia mikorosho salfa dhidi ya ubwiriunga, yaani ugonjwa wa fangasi wa mikorosho, na kazi hiyo hufanywa alfajiri upepo ukiwa umetulia, saa hiyo hiyo mtakayokuwa njiani. Ulizeni siku iliyotangulia ni mashamba yapi yatapuliziwa, na kila mmoja awe na kitambaa cha kufunika pua na macho. La pili ni upupu. Mbegu zake hukauka msimu huo, na manyoya yake hupeperuka hata kwa asiyegusa mmea, basi vaeni suruali ndefu na mikono mirefu, na anayewashwa asijikune. Nguo hizo, pamoja na viatu vilivyofunika vifundo, zinafaa pia kwa habari ya nyoka. Akiumwa mtu, msimchanje wala kumfunga kamba. Mlazeni, mguu usitikisike, abebwe hospitalini bila kukawia.

Mtafuteni mmoja wa wale vijana wa kuni awaongoze kwa malipo, na mwingine afunge msafara nyuma. Toeni taarifa kwa mtendaji wa kijiji, kila mtu awe na kitambulisho kwa kuwa mpaka hauko mbali, na pikipiki ikae tayari mahali ambapo barabara inafika chini ya genge. Hapo ndipo pa kuamua: asiyejisikia vizuri, au kundi lote ikiwa saa 4 imefika nanyi hamjamaliza sehemu ya chini, apande kwa barabara.

SWALI: Mhariri, mimi niko Lindi mjini na nina watoto wa miaka 9 na 12. Naweza kuwatembeza hivyo hivyo katika msitu wa Rondo, ili wamwone komba wa huko?

JIBU: Ndugu msomaji, kuwatembeza unaweza, ila kumwona komba usiwaahidi. Yule wa Rondo, mwenye uzito wa gramu zipatazo 60 tu, hutoka usiku na mchana hujificha, na anapatikana katika misitu michache tu ya Tanzania. Rondo ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, hivyo kibali kinatangulia, na mlinzi wa msitu ndiye wa kuongozana nanyi. Kwa watoto wa umri huo chagueni mwendo wa saa mbili au tatu juu ya uwanda, msishuke mabondeni. Msifuate njia za zamani za magogo bila mwenyeji, kwani huwa pana mwanzoni, kisha hupotelea vichakani.